Kilometa 850 kwa Saa Moja na Nusu: Namna ya Kusoma Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 850 hivi, zikipimwa angani kwa mstari ulionyooka baina ya viwanja viwili vya ndege. Anayekwenda kwa basi kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga husafiri zaidi ya kilometa 1,100, kwa kuwa barabara hufuata miji na madaraja, na hukwepa milima. Ratiba ya ndege ya jeti katika njia hii huwa takriban saa moja na nusu. Tarakimu hizi mbili, kilometa 850 na saa moja na nusu, ndizo abiria wengi huzisoma kwanza wanapotafuta tiketi, na ndizo wanazozitumia kupanga siku nzima: kikao cha saa nne, mgonjwa wa kupelekwa kliniki, ndege nyingine ya kuunganisha.

Tumeona ni vyema kuzieleza tarakimu hizo kwa kirefu, kwa sababu anayezisoma visivyo hupoteza fedha. Masharti ya tiketi nyingi za bei nafuu husema kuwa abiria asiyefika kwa wakati hupoteza nauli yake, na mashirika mengi huenda mbali zaidi: abiria asipotumia kipande cha kwanza cha tiketi, hata kipande cha kurudi hufutwa.

Umbali unaoandikwa

Umbali unaoonyeshwa na programu za simu na tovuti za tiketi ni ule mfupi kuliko wote juu ya uso wa dunia. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo huonekana umepinda ukichorwa kwenye ramani bapa, hasa katika safari ndefu za kaskazini mwa dunia. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, mstari wa Dar es Salaam na Mwanza hauonyeshi kupinda kokote kwa macho.

Jambo linalowachanganya wasomaji zaidi ni vipimo. Kilometa 850 ni sawa na maili 528 za nchi kavu, lakini marubani na waongozaji wa ndege hutumia maili ya baharini, ambayo ni kilometa 1.852. Kwa kipimo chao, Mwanza iko maili 460 hivi kutoka Dar es Salaam. Mtu akikuta tarakimu hiyo akadhani ni maili za kawaida, atapata kilometa 740 na kuiondoa Mwanza mahali pake kwa zaidi ya kilometa mia moja. Kosa hilo halimkoseshi mtu ndege, ila hueleza kwa nini tovuti mbili huonekana kupingana.

Ndege yenyewe haifuati mstari huo kikamilifu. Huruka kuelekea upepo unakotoka, hugeuka, hufuata njia zilizopangwa na waongozaji, na hukwepa mawingu ya mvua ya radi, ambayo msafiri wa Kanda ya Ziwa anayafahamu vizuri. Tena kuna mambo ya dunia yasiyotabirika. Vita vilipozuka Khartoum mwezi Aprili 2023, anga ya Sudan ilifungwa, na ndege zilizokuwa zikipita huko kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Umbali kwenye ramani ulibaki vilevile, ila muda uliongezeka.

Muda unaoandikwa

Ndege ya jeti ikiwa imeshapanda juu huenda kasi ya kilometa 800 kwa saa au zaidi. Ungetarajia basi kwamba kilometa 850 zichukue saa moja na dakika chache. Kwa nini ratiba inasema saa moja na nusu? Jibu ni kwamba saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi si saa ya magurudumu kuachana na ardhi. Ni saa ambayo kabari za magurudumu huondolewa na ndege kuanza kusogea kutoka maegesho yake. Na saa ya kufika ni ile ambayo ndege imesimama kwenye maegesho ya kiwanja cha pili. Ndani ya muda huo kuna kujikokota hadi barabara ya kurukia, kungoja zamu, kupanda, kushuka, kujipanga kwa kutua, na kujikokota tena.

Kutokana na hayo tunaweza kumpa msomaji kanuni ya kukisia. Gawanya kilometa kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Kwa Mwanza utapata saa moja na dakika 34. Kwa ndege ya pangaboi, gawanya kwa 600 badala ya 800, na utapata kama saa moja na dakika 55. Kanuni hii hufanya kazi hata kwa safari ndefu: Dubai iko takriban kilometa 3,980 kutoka Dar es Salaam, na hesabu inatupa saa tano na dakika 28, jambo ambalo halipishani sana na ratiba halisi.

Haifanyi kazi kwa Zanzibar. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilometa 73 tu angani. Ndege haijamaliza kupanda inaanza kushuka, na ratiba huwa kati ya dakika 20 na 30. Anayelinganisha dakika hizo na saa mbili hivi za boti ya mwendokasi huona ndege imeshinda mara nne. Lakini aongeze safari ya kutoka mjini hadi kiwanja cha ndege, muda wa kuwahi kaunta, ukaguzi, kungoja mizigo, na gari la kutoka kiwanjani hadi Mji Mkongwe. Kwa mtu anayeishi Kariakoo, bandari iko jirani, na kwa maoni yetu hesabu hiyo si nyepesi kama tangazo linavyotaka iwe.

Jambo jingine la kuulizia ni maneno "moja kwa moja". Katika Kiswahili cha mawakala wa tiketi, maneno haya hubeba maana mbili: ndege isiyotua popote njiani, na ndege inayotua njiani lakini abiria habadilishi ndege wala namba ya safari. Tofauti yake ni kubwa. Ndege ya Dar es Salaam kwenda Mwanza inayopitia Kilimanjaro husafiri kilometa 920 hivi, yaani kilometa 70 tu zaidi ya ile isiyotua. Kwa umbali, nyongeza hiyo ni dakika tano. Kwa saa, ni zaidi ya saa nzima, kwa maana ndege hupanda mara mbili, hushuka mara mbili, na katikati husimama kushusha na kupakia abiria, mizigo na pengine mafuta. Usimwulize wakala kama ndege ni ya moja kwa moja. Mwulize: "Inatua wapi kabla ya Mwanza?"

Msomaji afahamu pia kwamba ratiba nyingi zina akiba ndani yake. Shirika likijua kuwa njia fulani ina msongamano, huongeza dakika kadhaa ili ndege isihesabiwe kuwa imechelewa. Katika takwimu za usafiri wa anga, ndege iliyochelewa kwa chini ya dakika 15 huhesabiwa kuwa imekwenda kwa wakati. Ndiyo maana mara nyingine rubani hutangaza kwa fahari kuwa mmefika mapema, hali mliondoka mkiwa mmechelewa.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi, na tunamwomba msomaji asiparuke. Tiketi nyingi za ndege huandikwa kwa mtindo wa saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sisi huanza kuhesabu kunapokucha na kunapokuchwa. Tiketi iliyoandikwa 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, na ile ya 19:10 ni saa moja na dakika kumi usiku. Anayesoma 07:10 akaelewa saa saba mchana atafika kiwanjani ndege ikiwa imekwisha kufika Mwanza na kurudi.

Njia ya kugeuza ni rahisi. Kuanzia 07 hadi 18, ondoa sita. Kuanzia 19 hadi 23, ondoa kumi na nane. Kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita. Kwa hiyo 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano jioni, 21:30 ni saa tatu na nusu usiku, na 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri. Unapompigia ndugu simu akupokee, mtajie saa kwa Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na umtumie pia picha ya tiketi. Ndugu aliyekaa muda mrefu ng'ambo huenda amezoea saa za kizungu hata anapozungumza Kiswahili, na "saa nane" yake isiwe saa nane yako.

Hatari zaidi ni tarehe. Ndege nyingi za kimataifa huondoka baada ya usiku wa manane. Tuseme tiketi yako inasema tarehe 15 Juni, 00:40. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa kuondoka nyumbani jioni ya tarehe 14. Anayejisemea "nasafiri tarehe 15 usiku" atafunga begi lake, atawaaga majirani, na kufika kiwanjani karibu saa 24 baada ya ndege kuondoka. Wazee wa pwani wanaosema "usiku wa Ijumaa" wakimaanisha usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa wana hesabu inayokubaliana na tiketi kuliko ya vijana wao, kwa kuwa kwao usiku hutangulia mchana wake. Ukikuta tiketi yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, andika pembeni kwa kalamu tarehe ya siku iliyotangulia.

Saa za nchi mbili

Ndani ya Tanzania saa ni moja, na vivyo hivyo ukienda Nairobi, Kampala au Addis Ababa. Ukivuka kwenda Kigali au Bujumbura, saa hurudi nyuma kwa saa moja. Ukienda Dubai au Muscat, husonga mbele kwa saa moja. Kanuni ya tiketi ni kwamba kila saa huandikwa kwa majira ya mji husika: ya kuondoka kwa saa za mji unaouacha, ya kufika kwa saa za mji unaoufikia.

Tuchukue mfano. Ndege inaondoka Dar es Salaam saa 16:45 na kuruka kwa saa tano na nusu hadi Dubai. Kwa saa za Dar es Salaam ingefika 22:15, lakini tiketi itasema 23:15. Msomaji akitoa saa moja kwa nyingine atapata saa sita na nusu. Akirudi, anaondoka Dubai 10:15 na kufika Dar es Salaam 14:45, na kwa kutoa hivyo hivyo atapata saa nne na nusu. Safari ni ileile, na umbali haukubadilika. Katika njia ya Kigali, yenye kilometa 1,140 hivi, mtu anaondoka Dar es Salaam 10:00 na anafika karibu 10:55, akadhani amepata ndege ya ajabu ya dakika 55. Ameruka karibu saa mbili kamili.

Tovuti nyingi huandika pembeni muda halisi wa kuruka, na huweka alama ya +1 karibu na saa ya kufika iwapo ndege itatua siku inayofuata. Alama hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele na huachwa bila kusomwa. Mtu aliyeweka nafasi ya hoteli kwa tarehe ya kuondoka badala ya tarehe ya kufika hulipia usiku ambao ataulala angani.

Safari ya kuunganisha

Yote tuliyoeleza hukutana pale abiria anapounganisha ndege mbili. Tuseme msafiri anatoka Mwanza kwenda Dubai kupitia Dar es Salaam. Ndege ya kutoka Mwanza inafika 14:00, na ya Dubai inaondoka 16:45. Kwa macho, ana saa mbili na dakika 45, na wakala atamwambia kuwa nafasi hiyo inatosha.

Tuihesabu. Saa 14:00 ni saa ya ndege kusimama. Kushuka na kupokea mizigo, tumpe nusu saa. Kwenye Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa 2019, huhudumia safari za kimataifa, na Jengo la Pili huhudumia safari za ndani. Ni majengo mawili yaliyo mbalimbali, na mwenye mizigo huhitaji gari. Tumpe dakika 20. Imekuwa 14:50. Kaunta ya safari ya kimataifa hufungwa mapema, kwa mashirika mengi dakika 60 kabla ya kuondoka na kwa mengine zaidi, kwa hiyo mwisho wake si 16:45 bali 15:45 au kabla ya hapo. Nafasi aliyobaki nayo haizidi dakika 55. Mawingu ya mvua juu ya Shinyanga yanatosha kuimaliza.

Swali la msingi hapa ni la tiketi zaidi kuliko la dakika. Iwapo safari yote imenunuliwa katika tiketi moja, ucheleweshaji wa ndege ya kwanza ni jambo la wasafirishaji, na wao ndio wanaopaswa kumtafutia abiria ndege nyingine. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, huihesabu safari inayofanywa na mashirika kadhaa kuwa usafirishaji mmoja, endapo pande zote ziliichukulia kuwa shughuli moja. Lakini abiria akinunua tiketi ya Mwanza kwa shirika moja na ya Dubai kwa shirika lingine, kila moja peke yake, shirika la pili halina wajibu wa kumsubiri. Kwake yeye, abiria huyo hakufika. Tiketi mbili huweza kuwa nafuu kuliko moja, na hatumkatazi mtu kuokoa fedha; tunamshauri tu aifikie Dar es Salaam siku iliyotangulia, na gharama ya kulala aiingize katika bei kabla ya kulinganisha.

Kabla ya kulipa, ni haki yako kuuliza ni ndege ya aina gani, inatua wapi, kaunta inafungwa saa ngapi, na kama tiketi ni moja au mbili. Majibu yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kwa kuwa maneno ya kaunta hayana shahidi.

Ndege ikichelewa

Shirika likibadilisha saa ya safari baada ya wewe kulipa, soma upya tiketi mpya yote, si saa ya kuondoka peke yake, kwani mabadiliko ya dakika 40 Mwanza yanaweza kuivunja safari yako ya Dubai. Ndege ikichelewa, tunza tiketi, pasi ya kupandia ndege, lebo za mizigo na risiti za chakula au malazi uliyolazimika kugharimia. Andika saa halisi ambayo ndege iliondoka na kufika, maana kumbukumbu ya wiki mbili baadaye haiaminiki.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa shirika lenyewe kwa maandishi. Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa, yalete kwa Mamlaka pamoja na nakala ya barua uliyowaandikia. Katika safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal hulifanya shirika liwajibike kwa hasara iliyotokana na ucheleweshaji, isipokuwa likithibitisha kuwa lilichukua hatua zote zilizotarajiwa kuizuia au kwamba hazikuwezekana. Mzigo uliopokelewa ukiwa umeharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, na mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi ya madai hufunguliwa ndani ya miaka 2, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu siku ndege ilipofika mwisho wa safari, au siku ilipopaswa kufika.